Kilicho Nyuma ya Mgongo

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie utani na kinaya katika picha za mtaani. Fasili mtazipata kwenye kamusi. Mimi naanza na picha. Hiyo mnayoiona ni ya Margaret Bourke-White, aliyoipiga mjini Louisville, Marekani, mwanzoni mwa 1937. Jarida la Life liliichapisha Februari mwaka huohuo. Watu Weusi wamepanga foleni, wengine na vikapu, wakingoja msaada. Nyuma yao limesimama bango kubwa: familia ya Wazungu, baba, mama, watoto wawili na mbwa, wamo garini wanatabasamu, na maandishi juu yanajigamba kwamba hakuna taifa duniani linaloishi vizuri kama Marekani. Ukilitazama gari lile kwa muda, utadhani litawapita watu wale vichwani.

Nyani haoni kundule, walisema wazee, na picha ya kinaya inaishi humo. Aliyemo pichani hakioni kilicho nyuma ya mgongo wake. Mpigapicha anaviona vyote viwili. Sisi watazamaji tunakaribishwa tukae kwenye kiti cha mpigapicha, tujione werevu. Kiti hicho kina raha yake, ila nadhani kina mwiba pia, na usiku huu nataka tuutafute.

Turudi Louisville. Wengi wanaoiona picha ile huapa kwamba ni foleni ya mafukara wa mdororo wa uchumi. Sivyo. Watu wale walikuwa wamekumbwa na mafuriko ya mto Ohio ya Januari 1937. Baadhi yao huenda walikuwa na kazi na nyumba nzuri wiki chache kabla. Picha haikusema uongo, bango lilikuwepo na foleni ilikuwepo. Ila sisi tuliojiona tunajua kila kitu, nasi tulikuwa na kitu nyuma ya mgongo.

Sasa, je, utani unasafiri? Unasafiri ukiwa wa mwili. Mtazameni huyu mbwa mdogo wa Elliott Erwitt, New York, 1974, aliyevalishwa kofia na sweta. Kando yake kuna buti za mwanamke, na kando ya buti kuna miguu mingine miwili mirefu. Mnachukua sekunde kadhaa kabla ya kugundua kwamba miguu ile ni ya mbwa mwingine, mkubwa kama ndama. Naam, hapo ndipo mnapocheka. Erwitt aliishusha kamera hadi usawa wa mbwa mdogo, akakata kila kilicho juu ya magoti. Ionyeshe picha hii popote, hakuna atakayehitaji mkalimani.

Louisville inamhitaji. Asiyesoma Kiingereza ataona watu na gari lililochorwa, basi. Utani wa maandishi hufa mpakani, na ukibebwa na maelezo marefu unafika umepoa.

Halafu kuna utani wa macho, ambao uko katikati. Mwaka 1948 Robert Doisneau alificha kamera ndani ya duka moja la sanaa mjini Paris, ikitazama nje kupitia dirishani, palipotundikwa mchoro wa mwanamke aliye uchi. Mke anamweleza mumewe jambo kuhusu mchoro mwingine, ambao sisi tunauona kwa nyuma tu. Mume kichwa kiko kwa mkewe, macho yako kwingine. Kisa hiki kila mtu anakijua. Lakini penye jamii isiyotundika uchi dirishani, mtazamaji anaweza asifike kwa mume hata kidogo. Atabaki anamshangaa mwenye duka.

Kuna na kinaya cha kupikwa. Mwaka 1943 Weegee alipiga picha ya mabibi wawili matajiri wakiingia kwenye opera New York, wamemeremeta kwa vito, na pembeni mwanamke mchakavu anawakodolea macho kwa chuki. Baadaye msaidizi wake alisimulia kwamba mwanamke yule walimleta kutoka baa, wakamnywesha divai rahisi, kisha wakamsogeza mahali pake. Mimi tangu nijue hilo, nikiitazama ile picha simwoni tena tajiri anayechekwa. Namwona mlevi aliyetumiwa.

Hapo ndipo mwiba ulipo: nani anachekwa? Martin Parr alipopiga picha ufukwe wa New Brighton, Uingereza, kati ya 1983 na 1985, watoto wakila aiskrimu kando ya takataka, rangi kali, flashi mchana kweupe, wako waliomshutumu kwamba anawacheka wafanyakazi kwa niaba ya wenye nazo. Miaka michache baadaye akaigeuzia kamera tabaka la kati, tabaka lake mwenyewe. Nadhani alijibu vizuri kuliko ambavyo angejibu kwa maneno.

Ernest Cole, mpigapicha wa Afrika Kusini, hakuhitaji kutafuta kinaya. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilimwandikia kwenye mabango: benchi hili la Wazungu, mlango ule wa wasio Wazungu. Yeye mwenyewe aligeuza jina lake kutoka Kole kuwa Cole, akafanikiwa kuandikishwa kuwa chotara, apate kutembea kwa urahisi zaidi na kamera yake. Aliondoka nchini 1966. Picha zake zikatoka kitabuni mwaka uliofuata, na kitabu kikapigwa marufuku kwao. Katika picha hizo kinaya kimejaa, na hakuna anayecheka.

Sheria nazo zimeingia. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua 1998 kesi ya msichana aliyepigwa picha akiwa na miaka 17, amekaa kwenye ngazi mjini Montreal, na jarida likaichapisha bila ridhaa yake. Alilipwa dola 2,000. Picha yenyewe haikuwa ya aibu. Malalamiko yake yalikuwa kwamba watu walimcheka.

Nami nina yangu. Niliwahi kumpiga picha mtu aliyelala fofofo chini ya tangazo la kahawa. Aliamka, akauliza, "Unacheka nini?" Nikamwonyesha. Akasema ametoka zamu ya usiku, akanigeuzia mgongo. Sijawahi kuionyesha picha ile, na leo sikuileta.

Ya mwisho nimeileta. Ni ya Erwitt tena, makumbusho ya Prado, Madrid, 1995. Goya alimchora mwanamke yuleyule mara mbili, mmoja amevaa, mwingine hana nguo. Mbele ya aliyevaa amesimama mwanamke mmoja. Mbele ya asiye na nguo wamesongamana wanaume. Tunaona migongo yao tu.

Mmecheka. Nimeona, safu ya mbele, wanaume ndio mmeinamisha shingo kwanza mpate kuona vizuri. Haya, maswali.