Serikali ikitaka mkojo wako: Katiba ya Marekani inasemaje

Haya jamani, mada yenyewe inachekesha kidogo ila ni nzito. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kumwambia mfanyakazi akojoe kwenye kikopo apimwe madawa ni upekuzi, kwa hiyo Marekebisho ya Nne ya Katiba yanahusika, yale yanayokataza upekuzi usio na sababu ya maana. Hapa naongelea mwajiri ambaye ni serikali, bosi wa kampuni binafsi hayamgusi, tusichanganye.

Sasa kawaida polisi akitaka kukupekua lazima awe na sababu ya kukushuku wewe kama wewe. Serikali inapita wapi? Inasema mi sitaki kukufunga, shida yangu ni usalama. Kesi ya reli, Skinner, ilipita kwa majaji 7 kwa 2, maana dereva wa treni akiwa amelewa watu wanakufa, na hao walikuwa wanapimwa baada ya ajali. Siku hiyohiyo kesi ya pili, Von Raab, ya watu wa forodha waliotaka kupandishwa kwenda kukamata madawa au kubeba bunduki, ikapita kwa tabu, 5 kwa 4. Jaji Scalia, mhafidhina kabisa, aliyeikubali ile ya treni, hii akagoma, akauliza tatizo liko wapi? Katika watu kama 3,600 waliopimwa, 5 tu ndo walikutwa nayo. Kwangu mimi alikuwa sahihi na wenzake waliogopa upepo wa wakati ule, Reagan alishatoa amri 1986 kwamba ofisi za serikali kuu ziwe bila madawa, nani atake kuonekana legelege.

Kupima kwa kushtukiza, jina linachaguliwa tu na unaitwa, hilo likafika mahakama ya rufaa ya Washington mwaka huohuo 1989, wizara ya sheria ilitaka kuwapima waendesha mashtaka, ikaambiwa hapana, pima wenye ruhusa ya kuona siri za juu kabisa basi. Yaani unapima kazi, humpimi mtu kisa analipwa na serikali.

Halafu jimbo la Georgia likataka wagombea wa vyeo wapimwe, 1997 Mahakama ya Juu ikalipiga chini 8 kwa 1, hakukuwa na ushahidi wa tatizo lolote, ilikuwa ni kuonyesha tu kwamba tunapinga madawa.

Florida haikusikia. Gavana Rick Scott 2011 akatoa amri wapimwe wafanyakazi wa ofisi zilizo chini yake, kama 85,000 hivi, makarani humohumo. Mahakama ya rufaa 2013 ikasema huwezi kuwabeba wote kwa mkupuo, onyesha hatari ya kila aina ya kazi. Jimbo likajitetea eti wafanyakazi wenyewe wanakubali kupimwa, majaji wakasema kukubali gani huko wakati ukikataa unafukuzwa kazi?