Kinanda Wakati wa Sadaka

MWANAHAMISI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo kaka Elia ameomba tuzungumze jambo analolijua kwa vidole vyake mwenyewe: namna dini inavyoweza kuchezea hisia za watu.

ELIA: Asante, dada. Nimepiga kinanda kanisani miaka 12, na kuna kitu sisi wapigaji tunakijua. Mchungaji akimaliza kuhubiri, ngoma zinanyamaza, ananitazama. Nashusha sauti, nabaki kwenye noti chache zinazojirudia, taratibu. Watu wanafumba macho, wengine wanalia. Hapo ndipo anasema, "Kuna mtu hapa Mungu anamwambia apande mbegu ya laki moja." Bila kinanda, hayo ni maombi ya pesa. Kinanda kikiwepo, Mungu ndiye anayesema.

MWANAHAMISI: Na wewe ulijua?

ELIA: Tulifundishwa kwenye mazoezi ya Jumamosi: wakati wa sadaka pasiwe kimya. Lakini niliamini, dada. Nilikuwa nalia huku napiga.

MWANAHAMISI: Hapo ndipo pagumu. Watu wakisikia dini inachezea hisia, wanamtafuta tapeli. Mimi nakumbuka kikombe cha dawa cha Loliondo, mwaka 2011. Babu Ambilikile Mwasapile, pale Samunge, alitoza shilingi 500 tu. Hata kama mzee aliamini kwa moyo wote, wagonjwa walitolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, na wengine walifia kwenye foleni.

ELIA: Kwa hiyo si pesa?

MWANAHAMISI: Pesa imo, ila kuna kilicho chini yake. Ukipona, ni muujiza. Usipopona, imani yako haba. Ahadi ya namna hiyo haishindwi kamwe, anayeshindwa ni wewe. Dawa ya hospitali isipofanya kazi, daktari anabadilisha dawa, hamwambii mgonjwa kwamba hakuipenda vya kutosha.

ELIA: Hilo ndilo lililomchukua mama yangu. Alikuwa na sukari. Siku ya maombezi akaambiwa amepona, na kwamba akimeza tena kidonge atakuwa amemwita Mungu mwongo. Akaacha dawa. Hali ilipoharibika, hakumlaumu mtu. Alijilaumu yeye. Mgonjwa wa sukari, akafunga siku 3 akitafuta dhambi aliyoisahau! Mimi nilikuwa kwenye kinanda siku ile ya maombezi. Tumemzika akiwa anaona aibu mbele za Mungu, na mama hakuwa na kosa lolote.

MWANAHAMISI: Pole sana, kaka yangu. Pole.

ELIA: Ndiyo maana sipendi mtu aseme wale wa Moshi walikuwa wajinga. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana pale uwanja wa Majengo, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Anayekimbia hivyo ana mtoto mgonjwa nyumbani, ana deni, ana ndoa inayovunjika. Ameambiwa jibu liko hatua chache mbele.

MWANAHAMISI: Na Shakahola, kule Kilifi, Kenya, miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja iliyofukuliwa tangu Aprili 2023 ilipita 400. Watu hawakuanza kwa kuambiwa wafunge mpaka wafe. Kwanza shule ilikuwa ya shetani. Kisha hospitali. Kisha ndugu wasioamini. Njaa ilipokuja, hapakuwa na mtu wa karibu wa kusema, "Mpe mtoto uji."

ELIA: Lakini sitakubali kwamba imani yote ni hila. Baba alipofariki, mama huyo huyo aliinuka kitandani kwa tenzi, akiimba peke yake jikoni. Hakuna aliyemwomba kitu.

MWANAHAMISI: Nakuelewa, na sitaki kumnyang'anya mtu tenzi zake. Ila hila haihitaji mtu mbaya. Madrasani kwetu Tanga, nikiwa na miaka 7, mwalimu alitusimulia adhabu ya kaburi: nyoka, ardhi inavyobana mbavu. Mwalimu yule alinipenda, alikuwa akinigawia tende zake. Miezi kadhaa sikulala bila taa. Mpaka leo nikiuliza swali la dini, tumbo linanikaza kabla sijamaliza kuuliza. Hakuna aliyenishinda kwa hoja. Hofu iliwahi kuingia kabla ya akili kukomaa.

ELIA: Sasa muumini afanye nini? Mimi bado naamini.

MWANAHAMISI: Wewe umefanya nini?

ELIA: Tangu mama afariki, napiga sifa na kuabudu kama kawaida. Mchungaji akianza habari za mbegu, naondoa mikono. Naiweka magotini.

MWANAHAMISI: Kanisa zima linakuwa kimya?

ELIA: Kimya. Unasikia feni. Unasikia watoto. Na watu wanafumbua macho, wanaanza kutazamana.

MWANAHAMISI: Na sadaka?

ELIA: Ilipungua Jumapili ile ile. Jumatatu mzee wa kanisa alinipigia kuuliza kama kinanda kimeharibika.