Ukurasa wako bado unaitwa "Home"?

Habari zenu, karibuni tena. Leo niko Mbale, kwenye stoo ya mama mmoja anayeuza kahawa ya Bugisu mtandaoni. Tazameni magunia haya mawili. Hili limeandikwa kwa kalamu nene: Arabika, Bugisu, kilo 60. Lile halina hata alama. Mnunuzi akiingia, ataulizia lipi?

Yale maandishi ndiyo metadata. Si kahawa, ni habari za kahawa. Ukurasa wa tovuti nao una maandishi ya namna hiyo. Mengi msomaji hayaoni, lakini Google inayasoma.

Haya, kwenye kompyuta. Fungua ukurasa wako, bonyeza Ctrl na U kwa pamoja. Usiogope huo msitu wa alama. Sasa Ctrl na F, andika "title". Mmeona kilichoandikwa pale? "Home". Basi! Hakuna kahawa, hakuna Mbale. Na mara nyingi hicho ndicho kichwa kinachotokea kwenye matokeo ya utafutaji, ule mstari mkubwa watu wanaoubofya.

Ingia unakohariri tovuti, ufute, uandike: Kahawa ya Bugisu iliyokaangwa, Mbale, Uganda. Kila ukurasa na kichwa chake, tafadhali; usinakili kimoja kila mahali.

Tafuta tena, "description". Weka sentensi moja au mbili za kumvutia mteja. Hazikupandishi juu, ila humfanya abofye. Google ikiamua kuonyesha sentensi nyingine kutoka kwenye ukurasa, usikasirike, ndivyo ilivyo.

"Keywords", yaani orodha ya maneno ambayo mteja anaweza kutafuta, ruka. Mimi niliwahi kukesha nikijaza kahawa tamu, kahawa bora, kahawa nini sijui. Kazi bure: tangu 2009 Google ilitangaza kwamba haiyatumii kupanga matokeo, maana watu walikuwa wakiyajaza ovyo.

Hili sasa msiliruke: tafuta "noindex", neno linaloiambia Google isiuonyeshe ukurasa. Fundi huliweka tovuti ikiwa bado inajengwa, akisahau kulitoa, ukurasa wako hautokei kabisa hata ukiupamba vipi. Litoe.

Picha je? Hii inaitwa IMG_2034. Kwenye sehemu ya "alt", yaani maelezo ya picha, andika kinachoonekana: kahawa ikianikwa juani.

Hifadhi, kisha Ctrl na U tena, uhakikishe kichwa kipya kipo. Usikimbilie Google baada ya dakika tano. Inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki, mpaka ipite tena kwako.