Neno Dogo Nyuma ya "Cut"

Ndugu zangu, leo nataka tukae na kitenzi kimoja tu cha Kiingereza: "cut off". Nimekichagua kwa sababu kila ninaposahihisha kazi za wafasiri wanaoanza, nakuta "cut" imeshughulikiwa vizuri na "off" imetupwa. Inaniuma, maana uzito wote umo humo.

"Off" hubeba wazo la kuachana. Ukikata karatasi katikati, "cut" inatosha. Tawi likikatwa likatoka kwenye shina, hiyo ni "cut off". Kutoka hapo maana husafiri hadi kwenye maji, umeme, simu, fedha za matumizi, hata maneno ya mtu aliye katikati ya kuzungumza. Kilichokuwa kimeunganishwa, au kikipita, kimezuiwa.

Sasa sikilizeni Kiswahili. Sisi hatuweki neno nyuma ya kitenzi, tunanyambua. "We were cut off", kwenye mazungumzo ya simu, ni "simu ilikatika", bila kumtaja mkataji. "They cut us off", ikiwa ni umeme, ni "wametukatia umeme". Kauli ya kutendea inamwonyesha aliyeachwa gizani. "Don't cut me off" ni "usinikatize". Mzizi mmoja, miisho mitatu! Lakini "the floods cut off the village" inataka kitenzi kingine: "mafuriko yamekitenga kijiji". Ukiandika "yamekikata kijiji", msomaji ataona kijiji kilichopasuliwa vipande viwili.

Mpangilio nao una sharti lake. Nomino hukaa popote: "cut off the water" au "cut the water off". Kiwakilishi hukaa katikati tu: "cut it off". "Cut off it" ni kosa. Na "cut" haibadiliki katika wakati uliopita, basi tazameni muktadha.

Hebu tubadilishe neno dogo. Mti ukiwa "cut down", umeangushwa. Ukishalala chini na kufanywa kuni, umekuwa "cut up". Wengi huuliza, hiyo "up" inapanda wapi? Haipandi popote, inasema kitu kimegawanywa vipande vipande mpaka kikaisha. Nasi neno lake tunalo, tena halihitaji chochote nyuma yake, kwa kuwa limejirudia lenyewe: katakata.