Bati la Titani Haliongopi, Lipime
Mliotoka chuo cha ndege cha Soroti na mafundi wa Katwe mlioko nyuma, sogeeni mbele. Hili ni bati la titani, aloi, yaani mchanganyiko wa metali, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, unene milimita 1. Nalizungushia bomba lenye nusukipenyo cha milimita 100, nalikaza mpaka linalala. Naachia. Limerudi bapa, kana kwamba sikuligusa!

Chuma cha kawaida cha unene huo kingebaki kimejikunja. Ndipo naambiwa, "Mwalimu, kalibu mbovu." Kalibu, yaani umbo tunalokunjia bati, haina kosa, fanyeni hesabu! Kwenye mkunjo huu uso wa nje umevutika asilimia 0.5. Titani hii haishiki umbo jipya kabla ya kuvutika kama asilimia 0.77, kwa kuwa inahimili mkazo wa megapaskali 880 hivi, na moduli yake ya unyumbufu, yaani jinsi inavyokinza kuvutwa, ni gigapaskali 114 tu, zaidi kidogo ya nusu ya ile ya chuma. Kwa hiyo bati hili, ukilipinda baridi kwa nusukipenyo kinachozidi milimita 65, umefanya kazi bure. Na ganda la ndege lina mikunjo mipana kuliko hiyo.

Mtasema fundi wa geti hupitisha pembe kidogo, bati likirudi linakaa sawa. Ni kweli, dawa ndiyo hiyo. Lakini upitishe kiasi gani? Hapa ndipo ninapogombana na watu kila mwaka. Shehena mbili za bati hazifanani: nguvu hutofautiana, unene hutofautiana, hata upande bati lilikopitia kwenye rola una athari yake. Kalibu iliyorekebishwa kwa shehena ya jana itakupotosha leo. Kata kipande kwa kila shehena, kipinde, kiachie, kipime, ndipo uguse bati lenyewe. Usilazimishe kipande kikae kwa nguvu ya riveti! Mkazo huo unabaki ndani, na mtetemo wa injini unaufanyia kazi kila safari, abiria wakiwa juu ya Ziwa Viktoria.

Moto je? Kwenye nyuzi 700 za Selsiasi hivi titani hulegea na mkunjo hubaki. Ila ikipashwa kwenye hewa ya kawaida hunywa oksijeni, ngozi yake ikawa ngumu na nyepesi kupasuka, na lazima iondolewe kwa asidi. Titani isiyo aloi haisumbui hivyo kuipinda baridi. Kuhusu kukaza kipande ndani ya kalibu ya moto baada ya kukipinda baridi, muda umekwisha. Michoro iko hapa mezani, njooni tuitazame.