Sulhu ya Ingrams: amani ya Hadhramaut ilikuwa ya nani?

ZUHURA: Asalaam aleikum, karibuni kipindini. Leo tunavuka bahari hadi Hadhramaut, upande wa kusini wa Uarabuni, katika Yemen ya leo, miaka ya 1930, ambako Mwingereza mmoja na mkewe walipita mji kwa mji wakiandika nani ana kisasi na nani. Salim, mada hii umekaa nayo sana.

SALIM: Sana, dada Zuhura. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mshihiri, yaani Mhadhrami, mtu wa huko. Alifika Mombasa kijana, akauza maji, baadaye kahawa. Akiulizwa kwa nini alihama, alijibu, "Kwetu mwanamume hatoki mlangoni." Nikiwa mtoto sikuelewa. Nimekuja kuelewa ukubwani, niliposoma alichoandika Harold Ingrams, Mwingereza huyo uliyemtaja.

ZUHURA: Ambaye sisi watu wa pwani tunamjua kwa Zanzibar kwanza.

SALIM: Ndiyo, alianza kazi ya serikali Zanzibar mwaka 1919, akakaa Pemba pia. Huko ndiko alikowajua Wahadhrami: mahamali wa bandarini, wachuuzi, na masharifu waliosomesha watu dini. Kisha akahamishiwa Mauritius, halafu Aden, bandari iliyoshikwa na Waingereza, mwaka 1934. Haukwisha mwaka ule, yeye na mkewe Doreen wakaingia Hadhramaut. Usisahau kwamba Waingereza walikuwa na mkataba wa himaya na sultani Al-Quaiti wa Mukalla, mji wa pwani ya Hadhramaut, tangu 1888.

ZUHURA: Kwa hiyo ni miaka zaidi ya 40 ya himaya bila afisa wao anayeishi huko.

SALIM: Hakuna. Mkataba ulitosha kuwazuia mataifa mengine wasiingie, na hilo ndilo walilolitaka. Ya ndani ya bonde la Hadhramaut yalikuwa ya wenyewe. Ingrams alipofika upande wa Al-Ghurfa, mji wa bondeni, akakuta maneno ya babu yangu yamesimama mbele yake: nyumba za udongo zimegeuzwa ngome, jirani anamlenga jirani kwa bunduki kutoka dirishani, na mahandaki yamechimbwa ili mtu afike nyumba ya pili bila kuonekana. Mwenye damu juu yake alifungika ndani kwa miaka. Waliotoka ni wanawake, kwa sababu mwanamke hakuguswa. Mtu alifikia hata kuua mitende ya adui yake kwa mafuta ya taa. Mtende, dada!

ZUHURA: Mtende uliopandwa na babu wa babu. Lakini hapa nataka tusimame. Wakubwa wa Aden wakisoma habari hizo waliona fujo tu, nchi isiyo na sheria. Mimi sikubali. Kule kulikuwa na sheria, tena nzito, urfu wao. Sharifu hakubeba silaha, na kwa hiyo aliweza kupita katikati ya wapiganaji akasuluhisha. Kulikuwa na hauta, miji iliyokingwa kwa heshima ya walii, hapamwagwi damu. Kila Shaaban watu walikwenda ziara ya Nabii Hud, makabila yanayowindana yakapita njia moja.

SALIM: Na siyara, usiiache.

ZUHURA: Siyara, naam. Msafiri anamlipa mtu wa kabila amsindikize ndani ya ardhi yao. Ukimgusa yule msafiri, umelivunjia heshima kabila zima la msindikizaji, na wao ndio watakaokudai. Msafara wote ulikwenda kwa uso wa mtu mmoja. Hilo si fujo.

SALIM: Na Ingrams aliliona, nampa haki yake. Hakuleta mkataba wa amani wa Kizungu. Alikuta sulhu ya muda, jambo wanalolijua: kisasi kinasimama kwa miezi au miaka inayotajwa. Damu haisamehewi, deni linabaki pale pale, ila hakuna anayelidai mpaka muda uishe. Mwaka 1937 ikatangazwa sulhu ya miaka 3 kwa bonde zima, na wakuu wa mbari zaidi ya 1,000 wakatia saini. Mwaka 1940 ikaongezwa miaka 10.

ZUHURA: Saini 1,000! Hebu fikiria kazi ya kumfuata kila mmoja kwake.

SALIM: Ndipo ninapogombana na jina lake. Inaitwa Sulhu ya Ingrams. Waliowafuata wale wakuu, wakakaa nao usiku kucha, wakalipa pale palipotakiwa kulipwa, ni watu wa pale, na mbele yao ni Sayyid Abubakar bin Sheikh Al-Kaf wa Tarim, mji wa bondeni humo. Mali ya akina Al-Kaf ilitoka Singapore. Yeye ndiye aliyejenga kwa fedha zake barabara ya kutoka Tarim kushuka pwani. Alikuwa akinunua amani kabla Ingrams hajafika.

ZUHURA: Basi Ingrams alileta nini?

SALIM: Serikali nyuma yake. Na ndege. Mwanzoni mwa 1937 watu wa kabila la Bin Yamani walikataa kulipa faini waliyotozwa. Wakaonywa, kisha ndege za Kiingereza zikapiga mabomu. Baada ya hapo saini zikaja kwa wingi.

ZUHURA: Hilo halifutiki. Watu wanalisimulia kama hatua moja tu ya kuleta amani, lakini ni nyumba za watu zile. Na mwaka huo huo wa 1937 Sultani wa Mukalla akatia saini mkataba wa kupokea mshauri, na mshauri mwenyewe akawa Ingrams. Ushauri wake ulitakiwa kufuatwa katika kila kitu isipokuwa dini na mila.

SALIM: Sasa hiyo mila nani anaipambanua? Ni yule yule aliyeiandika. Ukishaandikwa kwenye faili kwamba fulani ndiye mkuu wa mbari, basi barua zinakwenda kwake na kesho yeye ndiye mkuu kweli. Zamani uongozi ulikwenda kwa anayesikilizwa na watu wake.

ZUHURA: Nami naona tofauti kwa Doreen. Mumewe alikaa na wakuu barazani, yeye akaingia ndani kwa wanawake. Njaa ilipokuja mwaka 1943 na 1944, baada ya Wajapani kuteka Singapore na Java na fedha za wahamiaji kukatika, alikuwa miongoni mwa waliohudumia wenye njaa. Baadaye akaandika ripoti juu ya maisha ya watu wa himaya ya Aden, ikatoka 1949. Ndani yake unaona jiko, ndoa, watoto.

SALIM: Na zile fedha zilizokatika ndizo zilizokuwa zimeinunua sulhu. Sayyid Abubakar aliendelea kutoa mpaka mali ikapungua sana. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alipopita Aden alimpa daraja ya heshima.

ZUHURA: Na babu yako? Sulhu ilipotangazwa hakutaka kurudi?

SALIM: Alikuwa keshaoa Mombasa. Lakini baba anasema mwaka ule ilifika barua kutoka kwa nduguye, na babu akaomba isomwe mara tatu. Iliandikwa kwamba ametoka mlangoni, ametembea mpaka kwenye mitende yao mchana, na kwamba mitende minne bado i hai.