Kuandika Wosia si Uchuro

Ndugu zangu wa bodaboda, naanza pale ninapoanza siku zote: pikipiki ya mkataba. Mnaijua kuliko mimi. Unapeleka hesabu kwa bosi mwaka mzima na zaidi, mpaka chombo kiwe chako. Sasa nawauliza: ukifa mwezi wa kumi wa mkataba, nani nyumbani anajua umeshalipa kiasi gani?

Nilikaa na mjane mmoja, binti mdogo, yuko eda, mtoto kampakata. Mumewe aligongwa na lori akiwa kazini. Bosi akaja kuchukua pikipiki iliyopinda usukani, akasema marehemu bado anadaiwa. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Hesabu zote zilitumwa kwa simu, na simu ile imefungwa kwa namba ya siri aliyokwenda nayo kaburini. Binti ameishika mkononi, meseji za kumtetea zimo ndani, hawezi kuzifungua. Mashemeji wakaanza kumtazama kama aliyeficha kitu. Na alikuwa ameshamuuliza mumewe habari za mkataba. Alijibiwa, "Acha uchuro."

Hapo ndipo ninapokasirika! Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Umri wenu huo. Mwenzenu akifa mnamsindikiza kwa honi mpaka makaburini, vichwa wazi, wengine wamesimama juu ya pikipiki. Kifo cha rafiki mnakitangaza barabara nzima. Cha kwako hutaki mama yako akitaje.

Mtaniambia kifo ni siri ya Mungu. Sawasawa. Lakini Mtume, kwa riwaya ya Ibn Umar, alisema haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wosia wake uwe umeandikwa. Hakusema wazee tu. Mwingine atasema hana mali. Mtoto je? Hisa za kikoba? Deni dukani kwa Mangi?

RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini Tanzania, wanaandika na kuhifadhi wosia, nendeni. Wosia wa mdomo kimila unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo. Mlezi wa mtoto tutamzungumza kwenye maswali, muda umeniishia. Ila leo jioni ukipeleka hesabu, andika tarehe na kiasi kwenye daftari, bosi atie sahihi. Daftari likae kwa mkeo au kwa mama, siyo chini ya siti ya pikipiki.